Wembe wa Mzee Rumba

SEHEMU YA 3

ILIPOISHIA: Usiku wa Ijumaa, Julai 22, 2016, binti wa Mzee Rumba alinigongea mlango wa nyuma wa kinyozi, mtandio umemfunika nusu ya uso. Nilimficha kwenye kijistoo nyuma ya pazia. "Baba asijue," aliniambia. "Kesho kuna mtu namsubiri. Akikaribia, nitatoka mwenyewe." Sasa endelea...

Jumamosi ile kinyozi kilijaa kabla ya saa tatu asubuhi, na hakukuwa na hata mmoja aliyekuja kunyolewa.

Runinga ya ukutani ilikuwa inarudia picha zilezile tangu jana. Mwanamuziki wa Kongo, Koffi Olomide, yuko uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, watu wamemzonga, mara anageuka, mguu unanyanyuka, unampata mmoja wa wachezaji wake wa kike. Picha inakatika. Inaanza tena. Usiku polisi walikuwa wamemkamata baada ya mahojiano ya runinga, akalala korokoroni, na sasa mtangazaji anasema ameshafurushwa nchini, yeye na wachezaji wake watatu. Onyesho lake la usiku ule ukumbini Bomas, basi tena.

Mzee Rumba alisimama chini ya runinga, mikono kiunoni. Suti yake ya kijivu ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, imenyooka kwa pasi, tiketi imechungulia mfuko wa kifuani.

"Teke," alisema. "Teke moja tu, serikali nzima imeshika kichwa!"

"Nchi hii watu wanameza fedha za umma mchana kweupe na wanalala kwao," dereva wa matatu akadakia. "Mwimbaji akiinua mguu kidogo, waziri haoni usingizi."

Waziri kweli hakuwa amelala. Sicily Kariuki, mwenye dhamana ya jinsia, alisema kitendo kile kimewatusi Wakenya, akataka mtu yule aondoke. Pale Umoja, kwenye kinyozi chetu, jina lake lilitajwa asubuhi ile kuliko jina la rais.

Mama Chai alikuwa anamimina chai kwenye vikombe. Alifunika chupa yake, akawatazama mmoja mmoja.

"Tangu jana nawasikia mnamlilia huyo Koffi, Mopao wenu, mnalilia na tiketi," alisema. "Hajatokea hata mmoja wa kuuliza yule msichana ameumia wapi."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilijikuta natazama pazia.

"Mwenyewe amekana," Mzee akasema mwishowe. "Amesema alikuwa anaamulia ugomvi."

"Basi na macho yangu yakane," Mama Chai akajibu, akabeba sinia lake akatoka.

Mlangoni alipishana na mwanamume mrefu mwenye shati jeupe. Mwanamume yule alisalimia kwa kuinamisha kichwa, kama inavyompasa mtu anayeingia kwa baba mkwe wake. Kisha akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, huku akitabasamu:

"Kijana, jana usiku hamkupata mgeni hapa?"

*

Nilimwambia hapana. Ulimi ulikuwa mkavu, lakini nilimwambia hapana.

Mkwe aliketi kwenye kiti changu. "Ndevu tu," alisema. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikachapa povu la sabuni, nikampaka mashavuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja. Kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na michubuko, mibichi bado.

Nilibadilisha wembe, nikaupitisha kwenye spiriti.

Nyuma yangu mjadala ulikuwa umepamba moto. Mzee alikuwa ameelekeza kidole ukutani, ambako picha za wakubwa zimepangwa: Franco, Tabu Ley, Mbilia Bel, Koffi, na katikati Papa Wemba, aliyefungwa utepe mweusi tangu mwezi wa nne, alipoanguka jukwaani Abidjan akafa.

"Huyu je?" Mzee aliuliza. "Wafaransa walimkamata mwaka 2003, wakasema anaingiza watu Ulaya kwa kisingizio kwamba ni wa bendi yake. Mwaka 2004 mahakama ikamtia hatiani. Alipokufa juzi, ni nani alilitaja gereza? Kinshasa yote ilimwaga machozi. Mwanamuziki apimwe kwa muziki wake, bwana! Koffi ndiye aliyekuwa akimtungia Papa Wemba nyimbo tangu enzi za bendi ya Viva la Musica. Bendi yake, Quartier Latin, ameianzisha mwaka 1986. Mwaka 2000 aliujaza ukumbi wa Bercy kule Paris. Nyinyi mnataka tumtupe kwa sekunde tano za video?"

"Papa Wemba alishtakiwa," Karani akasema.

Karani hakuwa mtu wa kelele. Alifanya kazi mahakama ya Makadara, na alipofungua kinywa watu walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shemeji au mpangaji aliyewahi kumsaidia faili.

"Alishtakiwa, akasikilizwa, akahukumiwa," aliendelea. "Huyu wa leo hakushtakiwa na mtu. Amefurushwa. Mmekasirika kwa sababu serikali imekuwa kali. Mimi nimekasirika kwa sababu imekuwa laini."

"Laini vipi, na onyesho limekufa?"

"Kifungu cha 251 cha kanuni za adhabu. Kumpiga mtu ukamuumiza ni hadi miaka mitano jela. Angepandishwa kizimbani Jumatatu, yule dada angeulizwa, mashahidi wangeulizwa, na kama kweli alikuwa anaamulia ugomvi, angejitetea. Sasa wamewaweka wote upande mmoja, wamewarudisha Kinshasa. Mfungua mlango kule Kinshasa ni nani? Ni bosi. Mlipa mshahara ni nani? Ni bosi. Huyo dada atamshtaki nani, na kwa nani?"

"Lakini Kinshasa nako kuna mahakama," dereva akasema.

"Iko. Mwaka 2012 ilimpa miezi mitatu, kifungo cha nje, kwa kumpiga mtayarishaji wake. Na Ufaransa kuna kesi ya waliokuwa wachezaji wake, haijaisha. Mtu wa namna hii, kila onyesho la ng'ambo ni bahati nasibu. Wiki hii Bomas. Anasubiriwa Lusaka kwenye maonyesho ya kilimo, mtaona."

Tuliona. Lusaka walimfuta siku chache baadaye, na Kinshasa kwenyewe polisi wakamfuata nyumbani Jumanne, akapelekwa gereza la Makala kabla ya kuachiwa. Mwaka uliofuata Paris nao walizuia onyesho lake la Zénith, ingawa kule shida ilikuwa hofu ya vurugu za Wakongo wanaowapinga wanamuziki wanaodaiwa kuwa karibu na serikali. Lakini asubuhi ile hayo yote yalikuwa mbele, na watu walimcheka Karani.

Mkwe ndiye aliyecheka zaidi. Kicheko chake kilitikisa kidevu, nikalazimika kuinua wembe.

"Karani, wewe umezidi vifungu," alisema. "Mwanamke anakuvunjia heshima mbele ya watu, utamwandikia barua? Mopao amefanya ambalo kila mwanamume humu ndani amewahi kulifanya. Tofauti ni kwamba yeye kamera ilimkuta."

Kinyozi kizima kikaangua kicheko. Dereva alipiga paja.

Mzee Rumba hakucheka. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa ameacha kuwatazama wakubwa wa rumba, ameyaelekeza macho kwenye kile kibao kilichowashangaza wateja wetu wote, kwa maana vinyozi vyote vya mtaa vilinyoa yeyote mwenye pesa: HATUNYOI WANAWAKE. Chini ya kibao kulikuwa na picha yake ya ujanani, suruali pana, viatu vya ncha. Picha ile ilikatwa kwa mkasi upande wa kushoto. Kilichosalia cha aliyesimama naye ni mkono tu begani mwa Mzee, na bangili ya shaba yenye umbo la nyoka aliyejing'ata mkia. Nilikuwa nimemuuliza mara moja, nilipoanza kazi, ule ni mkono wa nani. Alininyima mshahara wa wiki.

Nikarudisha wembe shingoni mwa Mkwe, pale mshipa unapogonga.

Na hapo hapo pazia likafunguka.

*

"Karani," alisema binti wa Mzee, "nimesikia vizuri? Ni miaka mitano?"

Mtandio hakuwa nao. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na mdomo umepasuka pembeni. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua taratibu, akaiweka kwenye meza ya vitana, mbele ya Karani. Hata mimi niliyeishia darasa la nane niliitambua: fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Juu yake ilikuwa imeandikwa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na mihuri ya polisi na ya hospitali ilikuwa imeshagongwa.

Karani aliisoma bila kuigusa. "Hadi mitano," alisema. "Na tangu mwaka jana kuna sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mahakama inaweza kumzuia asikukaribie hata kabla kesi haijaanza."

Nilihisi koo la Mkwe likimeza mate chini ya wembe wangu.

"Baba," Mkwe alianza, "haya ni mambo ya nyumbani, nilikuwa nije tuyazungumze kwa—"

"Nyamaza."

Mzee aliinua mkono akazima runinga. Akamwambia dereva afunge mlango, na dereva, ambaye kwa kawaida haambiwi jambo mara moja, akaufunga. Kisha Mzee akaja, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kijana, nipe huo wembe."

Miaka minne ya ndoa ya binti yake, Mzee hakuwahi kumnyoa mkwewe. Ilikuwa heshima ya ukwe. Hata kikombe hawakupokezana mkono kwa mkono. Sasa alimshika kichwa kwa kiganja cha kushoto, akakilaza nyuma. Wembe nilimpa. Sitasema alinizidi nguvu au alininyang'anya. Nilimpa.

"Nilikukabidhi mtoto mzima," Mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. "Leo unaniletea huyu. Na unakuja kwangu kucheka."

"Mzee," Karani alisema, akisimama polepole, "ukiutumia huo, fomu itakayojazwa ni ya kwako."

"Kaa."

Karani akakaa.

Ni binti aliyesogea. Alikuja hadi upande wa pili wa kiti, akamtazama baba yake kwa jicho moja.

"Baba, weka wembe. Wewe si wa kunitetea kwa huo."

"Unamhurumia?"

"Simhurumii. Nina karatasi, nina mahakama. Lakini huo wembe usijifanye hakimu leo. Unajua kazi uliyoufanyisha."

Uso wa Mzee ulibadilika. Sikuwahi kumwona mtu akizeeka nikiwa nimesimama, lakini asubuhi ile nilimwona.

"Nani amekwambia?"

"Mwenyewe."

"Mama yako alitukimbia. Alifuata bendi, akaenda zake Lubumbashi. Mtaa wote unajua."

"Alikimbia, sikatai," binti alisema. "Mwaka 1997, wimbo wa Koffi, Loi, unapigwa kila kona, naye akaenda kuucheza bila ruhusa yako. Ila mtaa haukuambiwa aliondoka na kichwa cha namna gani. Na nani alikishika, na nani alikikata, na watu wangapi walisimama mlangoni hapa wakicheka kama mlivyocheka sasa hivi."

Macho yote yalikwenda kwenye kile kibao ukutani. Dereva alikuwa mtu mzima tayari mwaka 1997. Aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Wembe ulikuwa bado shingoni mwa Mkwe, lakini mkono ulioushika ulikuwa umeanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka ni hatari kuliko mkono wenye hasira. Tone moja jekundu lilichungulia kwenye povu. Mkwe alifumba macho.

"Baba," binti alisema tena, safari hii kwa upole. "Nilikwambia utuletee nani kwenye harusi yangu, ukasema hana anwani. Mimi niliipata."

Ndipo mlango ukagongwa. Mara tatu, bila haraka.

Dereva alimtazama Mzee, akamtazama binti, asijue amtii nani. Kitasa kilizunguka chenyewe. Mlango ulifunguka nusu, na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa mkono wa mwanamke wa makamo, bangili ya shaba kwenye kifundo, nyoka amejing'ata mkia.

"Hodi," ilisema sauti. "Mnanyoa? Mimi nilinyolewa hapa zamani, nimekuja kulipa deni."

Mzee hakutoa neno. Wembe ulimponyoka, ukagonga vigae.

Lakini aliyeruka kutoka kitini, kitambaa shingoni na povu likimchuruzika na damu, alikuwa Mkwe. Alimtolea mgeni macho kwa hofu ambayo hata wembe haukuwa umeitoa.

"Wewe!" alipayuka. "Si nilikulipa? Si tulikubaliana hutakanyaga Nairobi?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO