Waliokaa vitini na waliokaa mbele ya TV: jibu kwa mjomba

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu, msininunie. Zamu za usiku zimenikamata hasa, nikirudi nyumbani asubuhi nalala kama gogo. Baridi nayo imeanza huku Kensington.

Leo namjibu mjomba. Jumapili alinipigia, akasalimia haraka haraka, kisha akatoa lililomleta: "Mpwa wangu, hivi hao Waaustralia wanapenda mpira gani hasa?" Nikacheka, nikamwambia mjomba, hilo swali ukiuliza hapa mtaani unaweza kuanzisha ugomvi. Nikaahidi kuandika. Kaa vizuri basi mjomba, na chai yako karibu, maana jibu ni refu na ndani yake kuna kisa ambacho mtu wa Coastal Union lazima akisikie.

Kwanza mjue ninapokaa. Kensington ni mtaa ulio kusini mashariki ya katikati ya Sydney. Chuo Kikuu cha New South Wales kiko hapa hapa, na barabara yetu kubwa inaitwa Anzac Parade. Tangu 2020 tramu inapita kwenye barabara hiyo. Ukiifuata kuelekea mjini unafika Moore Park, na hapo kuna viwanja viwili vikubwa vimekaa bega kwa bega. Kimoja ni Sydney Cricket Ground, wenyewe wanakiita SCG, cha kriketi na futiboli ya Kiaustralia. Cha pili ni cha raga na soka, kilivunjwa 2019 kikajengwa upya na kufunguliwa 2022. Kwa hiyo nikipanda tramu kwenda mjini wikiendi, kwa skafu tu najua leo nani anacheza. Nyekundu na nyeupe ni Swans. Nyekundu na kijani ni South Sydney, yaani Souths, ambao nembo yao ni sungura.

Ligi kubwa hapa ni mbili, na zote zinachezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Ya kwanza ni AFL, futiboli ya Kiaustralia, iliyozaliwa Melbourne. Wachezaji 18 kila upande, uwanja wa duara refu, wanaruka juu ya migongo ya wenzao kudaka mpira. Ya pili ni NRL, raga ya watu 13, ambayo Sydney ilianza ligi yake mwaka 1908. Soka letu lipo, watoto wengi wanacheza, lakini ligi yake bado ndogo mbele ya hizo mbili.

Sasa ukihesabu watu wanaopita mlangoni, AFL inashinda bila ubishi. Miaka ya karibuni wastani wake unazidi watu 35,000 kwa mechi, NRL ni karibu 20,000. Fainali ya AFL huchezwa Melbourne kwenye uwanja wa MCG, na hujaza watu 100,000. Mtu wa Melbourne akikuonyesha hesabu hiyo anafunga mjadala.

Lakini mtu wa Sydney naye ana jibu lake. Anakwambia washa televisheni. Watu wa raga wengi wanatazama nyumbani. Kila mwaka katikati ya msimu kuna mechi tatu za State of Origin, jimbo la New South Wales dhidi ya Queensland, zilizoanza 1980. Usiku ule mitaa ya Sydney inakuwa kama Dar siku ya Simba na Yanga, na mechi hizo huwa miongoni mwa vipindi vinavyotazamwa zaidi nchini kwa mwaka mzima. Ndiyo maana kila msimu ukiisha, ligi zote mbili zinatangaza kwamba zenyewe ndizo zinazopendwa. Na kila moja ina takwimu zake mkononi!

Kwa nini tofauti hiyo? Moja ni viwanja. Melbourne ina timu tisa za AFL, na karibu zote zinachangia viwanja viwili vikubwa vya katikati ya mji. Timu za raga za Sydney zilizaliwa kila mtaa na uwanja wake, vingi vikiwa vya watu kama 20,000 hivi. Hata wakitaka kujaa 40,000, watakaa wapi? Nyingine ni mchezo wenyewe. Raga ni dakika 80, uwanja wa mstatili, kamera inauona wote. AFL ni robo nne, zaidi ya saa mbili, na uwanja ni mpana kiasi kwamba kamera inakosa nusu ya mambo. Mimi nilitazama AFL kwenye TV mwaka mzima sikuelewa kitu. Siku nilipokwenda SCG ndipo nikaelewa.

Halafu kuna historia. Televisheni ilianza Australia mwaka 1956, kabla tu ya Olimpiki ya Melbourne. Mwaka uliofuata stesheni za Melbourne zilianza kuonyesha mechi za futiboli moja kwa moja, lakini robo ya mwisho tu. Wakubwa wa mchezo waliogopa: mtu akiona bure nyumbani, nani atalipa kiingilio? Hofu hiyo ilidumu sana. Watu wa Melbourne walikaa hadi 1977 ndipo wakaiona fainali yao moja kwa moja kwenye TV. Na hata hivyo siku ile uwanjani walijaa 108,244! Hofu yote ile, na kumbe waliotaka kwenda walikwenda.

Sydney waliwatangulia kwa miaka kumi. Fainali ya raga ya 1967, Souths wakiwafunga Canterbury 12 kwa 10, ilionyeshwa moja kwa moja. Channel Nine walilipa dola 5,000. Sasa linganisheni: mwaka 2022 AFL ilisaini mkataba wa matangazo wa miaka saba, 2025 hadi 2031, wa dola za Australia bilioni 4.5. Kiingilio cha mlangoni kinabaki kama mboga pembeni ya sahani.

Fedha za TV zikishaingia, zinaanza kuamua timu ikae wapi na icheze siku gani. Hao Swans wetu wa hapa jirani walikuwa timu ya South Melbourne. Mwaka 1982 wakahamishiwa Sydney wakiwa na madeni. Ligi nayo ilikuwa na hesabu yake: Melbourne kucheza Jumapili kulibanwa, lakini mechi ikichezwa SCG Jumapili, inaweza kuonyeshwa moja kwa moja Melbourne. Wazee waliozaliwa na timu ile wakabaki kuiona kwenye kioo. Walikuja kupata ubingwa 2005, baada ya miaka 72. Nasikia huko Melbourne wapo wazee walilia kama watoto.

Mjomba, kisa chenyewe sasa. Wodini kwetu alilazwa mzee mmoja. Sitamtaja wala kusema alikuwa na nini, mnajua kazi yetu ina siri. Usiku Souths wakicheza alikuwa anaomba nimgeuzie kitanda aione TV vizuri. Siku moja nikamwuliza kwa utani, babu, kwani hii timu ina nini? Akaniambia, "Nesi, hii timu waliwahi kutuambia hatuna watu wa kutosha." Akanieleza mpaka nikachelewa kupima presha za wengine.

Souths ilianzishwa Januari 1908 kwenye ukumbi wa mji wa Redfern, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, na wenyeji wa asili wa nchi hii wengi waliishi na wanaishi pale. Ikachukua ubingwa wa kwanza kabisa. Fainali ya 1965 dhidi ya St George, pale SCG, waliingia watu 78,056, wengine wakapanda juu ya mapaa ya majukwaa. Rekodi ya raga katika uwanja ule ni hiyo. Souths walifungwa siku hiyo lakini babu alisema alikuwepo, mtoto, mabegani kwa baba yake.

Mwaka 1995 televisheni ya kulipia ikaingia Australia. Matajiri wawili wa vyombo vya habari, Rupert Murdoch na Kerry Packer, wakagombea haki za kuonyesha raga. Upande wa Murdoch ukaanzisha ligi yake, Super League, ukawanunua wachezaji kwa pesa ambazo hawakuwahi kuziota. Mwaka 1997 kukawa na ligi mbili kwa wakati mmoja. Mashabiki wakachoka, wengi wakaacha kwenda uwanjani. Mwishoni wakapatana, NRL ikazaliwa 1998 na timu 20. Katika mapatano ilikubaliwa kwamba ifikapo 2000 zibaki 14 tu.

Zikawekwa sifa za kupima nani abaki: watazamaji wa mechi za nyumbani, mapato, pointi za uwanjani na kadhalika. Oktoba 1999 Souths, timu ya miaka 91 yenye ubingwa 20, ikaambiwa hesabu zako hazitoshi. Mjomba, elewa vizuri. Haikushushwa daraja la chini. Iliondolewa kabisa.

Mwenyekiti wao George Piggins, aliyewahi kuwa mchezaji wao, akakataa. Wakaenda mahakamani, wakashindwa Novemba 2000. Siku chache baadaye, tarehe 12, watu wakaandamana kutoka Redfern hadi Town Hall ya Sydney. Wanakadiriwa 80,000. Wengine hata raga hawafuatilii. Babu akaniambia, "Walisema hatuji uwanjani, tukaja barabarani." Julai 2001 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi, na 2002 wakarudi ligini. Mahakama Kuu ikaja kuitengua hukumu ile 2003, lakini wakati huo walikwisharudi na hakuna aliyethubutu kuwatoa tena. Mwaka 2014 wakachukua ubingwa, wa kwanza tangu 1971, mbele ya watu 83,833.

Tangu usiku ule nikawa najiuliza, yule babu yeye anahesabiwa wapi? Uwanjani hayupo. Na vipimo vya watazamaji wa TV hapa, vya OzTAM tangu 2001, vinatokana na vifaa vilivyofungwa kwenye nyumba chache zilizochaguliwa ziwakilishe wengine. Kitanda cha wodini si nyumba. Vipimo vyenyewe vina mambo yake. Agosti 2023 timu ya wanawake ya soka, Matildas, walipocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na Uingereza hapa Sydney, waliokuwa uwanjani ni 75,784. Kwenye TV wastani ulikuwa milioni 7.13, lakini "waliofikiwa" ni milioni 11.15. Tofauti yake ni hii: wastani ni kama kuhesabu abiria waliomo ndani ya daladala kila dakika, halafu ukagawanya. Kufikiwa ni kuhesabu kila aliyepanda, hata aliyeshuka kituo cha kwanza. Kwa hiyo mtu akikutajia idadi ya watazamaji, mwulize kwanza amehesabu wa namna gani.

Jibu langu basi mjomba: kwa viti ni AFL, kwa TV hapa Sydney na Queensland ni raga, na kwa usiku mmoja tu wa 2023 waliwashinda wote wale mabinti wa soka.

Lakini nilikuwa nawaza nyumbani. Mwaka 2021 Azam na TFF walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6, na ni jambo jema, vilabu vya mikoani vimepata pa kushika. Ila nakumbuka ulivyonishika mkono kwenda Mkwakwani, na unavyonisimulia Coastal ya ubingwa wa 1988 kana kwamba ni jana. Siku hizi unaniambia mechi unaitazama kibanda umiza kwa sababu magoti yanauma. Sawa, magoti nayaelewa, ndiyo kazi yangu. Lakini Mkwakwani ukiwa na viti vitupu, siku wakija watu na karatasi zao kuuliza timu gani ina watu, kibanda umiza hakitahesabiwa. Souths waliponea chupuchupu, na wao walikuwa na watu 80,000 wa kuingia barabarani.

Kwa hiyo naomba mara moja moja uende. Chukua bajaji, nitatuma nauli na ya kiingilio, na uende na Juma ili naye aseme kesho alikuwepo.

Babu wetu alitoka wodini salama, akanipungia mkono na skafu yake ya nyekundu na kijani. Sijui kama ameweza kwenda uwanjani tena. Mimi nimekwenda kwa ajili yake, mara moja, na sauti ikanikauka siku mbili.

Basi kwa leo niishie hapa, zamu inaanza saa tatu usiku na bado sijapika. Nisalimieni wote. Mama, usisahau dawa zako. Na wale wa Yanga na Simba, najua mtatukana, karibuni.