Breki za Lami, Mchanga wa Balambala

Breki zinazozuia gurudumu lisijifunge zilianza kwenye ndege. Miaka ya 1950, Dunlop ya Uingereza ilikuwa na kifaa kiitwacho Maxaret, cha kusaidia ndege kutua kwenye lami iliyolowa. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz wakaleta ABS ya kielektroniki kwenye S-Class. Waliwaza mvua na barafu ya Ulaya.

Njia ya Garissa kwenda Balambala, ukipita Sankuri, haikuwa kwenye hesabu. Kwenye mchanga, gurudumu lililojifunga husukuma kilima kidogo mbele yake, na hicho kilima husaidia kusimamisha gari. ABS inakataza gurudumu kujifunga, kwa hivyo gari linaweza kuteleza mbali zaidi. Isitoshe, taa ya ABS ikiwaka, breki za kawaida bado zinashika. Basi dereva wa huku hashtuki. Wengine wanang'oa fyuzi, maisha yaendelee.

Nawaelewa, lakini siko upande wao. Gari hilohilo kesho liko kwenye lami ya Garissa–Nairobi, mvua imenyesha, ngamia anavuka. Ukikanyaga breki mpaka chini bila ABS, magurudumu yakijifunga, usukani haukusikii tena.

Na ugonjwa mara nyingi ni mdogo. Kila gurudumu lina sensa inayosoma ringi yenye meno. Mashine ya kupima ikisema "sensa ya mbele kushoto", haijasema sensa imekufa, imesema tu habari za upande huo hazifiki. Pengine waya umekatwa na mawe, plagi imeingia maji, au meno yamejaa matope. (Vile vidude vya bei rahisi vingi husoma injini tu, ABS havifiki.)

Chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini utaratibu huu ninao: osha kwanza, fuata waya kwa vidole, chomoa plagi uangalie kutu, ndipo ushike multimita. Sensa ya zamani, ile ya sumaku na koili, kwa kawaida husoma kati ya omu 800 na 2,000. Isiposoma kitu, koili imekatika. Sensa mpya za kielektroniki usizipime hivyo. Kisha linganisha na gurudumu la upande wa pili kabla hujanunua chochote.

Kazi hiyo inaweza kumalizika asubuhi moja chini ya mti. Fyuzi iache mahali pake.