V8 ya Marekani au gari jepesi la Ulaya? Ugomvi ulioanzia ofisi ya kodi

Mmarekani aliyetaka gari la viti viwili, la kujifurahisha nalo tu na si la kubebea watoto shuleni, hakuwahi kupata msimu kama miezi ya mwisho ya 1962. Chevrolet walikuwa wametoa Corvette Sting Ray, yenye injini ya V8 ya lita 5.4. Ile ya bei ya chini ilitoa nguvu farasi 250, na ile ya injekta ilifika 360. Miezi hiyohiyo Uingereza ilileta MGB: silinda nne, cc 1798, nguvu farasi 95, gari zima uzito wake kama kilo 920. Sting Ray ya wazi ilianzia dola 4,037. MGB ilikuwa chini ya hapo kwa zaidi ya dola elfu moja.

Ukiangalia tarakimu peke yake, hakuna mashindano. Corvette ilitoka sifuri hadi kilomita 97 kwa saa kwa sekunde sita hivi, wakati MGB ilihitaji kama kumi na mbili. Hata hivyo MGB iliendelea kutengenezwa kwa miaka 18, ikiwa ya wazi na yenye paa, ikapita nusu milioni, na nyingi ya hizo zilinunuliwa na Wamarekani haohao waliokuwa na Corvette mlangoni kwao. Walioipenda hawakuwa watu wasiojua hesabu. Walikuwa wanachagua kati ya raha mbili tofauti, na raha hizo zilikwisha kutenganishwa miaka arobaini nyuma na watu ambao huenda hawakuwahi kushika usukani wa gari la michezo.

Mwaka 1921 Uingereza ilianza kutoza magari kodi ya pauni moja kwa kila nguvu farasi. Lakini nguvu hiyo haikupimwa kwa mashine. Ilipigwa kwa kanuni: chukua kipenyo cha silinda, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, gawanya. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa kabisa. Kwa kanuni hiyo Ford Model T, gari la mnyonge kule Marekani, lilitozwa pauni 23 kwa mwaka, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa siku zile. Msomaji aliyewahi kuagiza gari kutoka Japani ataelewa haraka hali hii, maana kabla hajauliza rangi huuliza cc, akijua ushuru utamfuata bandarini.

Wahandisi wa Uingereza walifanya kile ambacho kila mlipa kodi hufanya: walitafuta upenyo. Kama kipenyo ndicho kinachotozwa, basi silinda iwe nyembamba na pistoni isafiri mbali. Chukua injini ya MG TC, iliyouzwa kuanzia 1945. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 66.5, na mwendo wa pistoni ni milimita 90. Ni injini iliyosimama kama chupa, cc 1250, nguvu farasi 54. Kwa nguvu hiyo huwezi kulisukuma gari zito, kwa hiyo gari likawa dogo, jepesi, na raha yake ikatafutwa kwenye kona badala ya barabara iliyonyooka. Barabara za vijijini Uingereza, nyembamba na zenye kuta za miti pande zote mbili, zilikubaliana kabisa na mpango huo.

Marekani hapakuwa na kodi ya namna hiyo. Petroli ilikuwa rahisi, miji ilikuwa mbali mmoja na mwingine, na fundi aliyetaka nguvu zaidi alitengeneza silinda kubwa zaidi, basi.

Vita ya Pili ya Dunia ndiyo iliyowakutanisha. Wanajeshi wa Marekani waliokaa Uingereza waliviona vigari vya MG kutoka kiwanda cha Abingdon, na baadhi yao walirudi nyumbani wakivitamani. Uingereza nayo ilitoka vitani ikiwa na madeni hadi shingoni. Serikali ilivigawia chuma viwanda vilivyouza nje, na mwaka 1949 ikashusha pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80, hivyo kila gari la Kiingereza likawa rahisi ghafla mbele ya mnunuzi wa Marekani. TC zilizotengenezwa ni 10,000, na kama 2,000 ziliuzwa Marekani. Zote zilikuwa na usukani upande wa kulia, katika nchi inayoendesha kulia. Hazikuwa na hita. Magurudumu yalikuwa ya spoki, membamba, na Buick yoyote ya mzee wa kanisa ingeipita TC barabara kuu bila kutoa jasho. Ila Buick hiyo ilikuwa na springi laini kama godoro, na kwenye kona ililala upande mzima. TC iligeuka pale ulipoiambia igeuke. Mtu aliyezoea gari la tani mbili hakuwahi kukutana na kitu cha namna ile.

Mmoja wa walioonja ni Carroll Shelby wa Texas, ambaye mwaka 1952 alianza mashindano ya barabarani kwa MG TC ya kuazima. Tutarudi kwake.

General Motors waliliona soko hilo likienda kwa wageni. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa maumbo, aliagiza gari la viti viwili la Kimarekani, na Januari 1953 likaonyeshwa kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Corvette ya kwanza ilitoka kiwandani Flint, Michigan, tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Zilitengenezwa 300 tu mwaka huo, zote nyeupe, ndani nyekundu, bodi ya faibaglasi. Kwa macho ilikuwa malaika. Lakini chini ya boneti walitia injini ya silinda sita iliyokuwa karibu, wakaipandisha hadi nguvu farasi 150, na gia wakaweka otomatiki ya hatua mbili. Wateja wake wakajikuta hawana kasi ya Kimarekani wala wepesi wa Kiingereza. Vioo vya milango havikuwa vya kupandisha. Ulichomeka mapazia ya pembeni kama ya Waingereza. Naona General Motors walinakili tabu za gari la Ulaya wakaacha raha yake. Mwaka 1954 walitengeneza 3,640, na kama theluthi moja zikabaki bila mnunuzi. Ford walipotoa Thunderbird ya viti viwili, yenye V8 na vioo vya kupandisha, wakauza zaidi ya 16,000 katika msimu wa 1955, huku Corvette ikitengenezwa 700 tu.

Hapo ilikuwa imebaki kuzikwa. Aliyeiokoa ni mtu wa Ulaya.

Zora Arkus-Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909, wazazi wake Warusi, akakulia Urusi na kusomea uhandisi Berlin. Aliiona Corvette pale Waldorf-Astoria, akavutiwa na umbo lake na kukata tamaa na mitambo yake, kisha akaandika barua kuomba kazi. General Motors walimwajiri Mei 1953. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amewaandikia wakubwa wake waraka juu ya vijana wanaofumua injini uani kwao: vijana hao wote wanatumia Ford, na Chevrolet isipowapa vipuri vya kuongeza nguvu itawakosa maisha. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba mtu huyu, ambaye leo watu humwita baba wa Corvette, alikwenda Le Mans mwaka 1954 na tena 1955 na kushinda daraja lake akiendesha Porsche ya cc 1100. Wepesi aliujua kwa mikono yake mwenyewe. Alipochagua nguvu, hakuichagua kwa ujinga.

Na nguvu ilipatikana. V8 mpya ya Chevrolet ya 1955 ilikuwa na kipenyo cha milimita 95.25, mwendo wa pistoni milimita 76.2. Iweke pembeni ya ile ya TC, 66.5 kwa 90, na hutahitaji mtu akusimulie historia ya kodi za nchi mbili hizo. Pistoni pana zisizosafiri mbali huweza kuzunguka haraka bila kujiumiza, na valvu kubwa hupata nafasi juu yake. Duntov akaichukua Corvette hadi ufukwe wa Daytona, Florida, mwanzoni mwa 1956, akapita kilomita 242 kwa saa juu ya mchanga. Mwaka 1957 ikaja ya injekta, nguvu farasi 283 kutoka inchi za ujazo 283, moja kwa kila inchi, jambo ambalo watu wa mauzo wa Chevrolet hawakuchoka kulitangaza. Sting Ray ya 1962 ndiyo iliyompa alichokuwa anakililia tangu mwanzo: magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na njia yake, ili nguvu hiyo iweze kupita kwenye kona bila kuruka.

Sasa Shelby. Mwaka 1959 alikuwa ameshinda Le Mans pamoja na Roy Salvadori katika Aston Martin, kisha moyo wake ukamlazimisha kuacha kuendesha. Mwaka 1961 akasikia kwamba AC Cars, kampuni ndogo ya Thames Ditton karibu na London, inapoteza injini yake. Gari lao, Ace, lilikuwa la wazi, bodi ya alumini iliyofinyangwa kwa mkono, na lilitumia injini ya Bristol ya lita mbili ambayo ilikuwa inaachwa kutengenezwa. Shelby akawaandikia: nipeni gari, nitaleta injini. Injini hiyo akaiomba Ford, waliokuwa na V8 mpya iliyopunguzwa unene wa chuma hata ikawa haizidi sana uzito wa ile ya zamani. Hiyo ndiyo siri ya jambo zima, na wengi walioiga baadaye hawakuishika. Februari 1962 gari la kwanza, aliloliita Cobra, liliunganishwa katika gereji moja ya Santa Fe Springs, California. Cobra hiyo ilikuwa moja tu, na Shelby akawa anaipaka rangi upya kila ilipokwenda kwa mwandishi mwingine wa magazeti ya magari, ili ionekane kiwanda kinachapa kazi.

Oktoba 1962, uwanja wa Riverside, Cobra na Sting Ray zilikutana kwa mara ya kwanza. Cobra iliongoza hadi ekseli ya nyuma ikakatika. Sting Ray moja ikashinda. Mwanzoni mwa 1963 palepale Riverside Cobra zikachukua nafasi ya kwanza na ya pili, na baada ya hapo Corvette hazikupata usingizi tena. Mwaka 1965 timu ya Shelby ilitwaa ubingwa wa dunia wa magari ya GT, mbele ya Ferrari. Mwaka huo pia ikatoka Cobra ya lita saba, ambayo ndiyo inayopendwa na wanaotengeneza nakala hadi leo. Kwangu mimi hiyo ya lita saba ilikwisha sahau ilikotoka. Ile ya lita 4.7 ndiyo iliyosikiliza pande zote mbili.

Waingereza wakajaribu wenyewe. Rootes walichukua kigari chao cha Sunbeam Alpine wakakichomeka V8 ya Ford, wakakiita Tiger, 1964. Injini ilikataa kuingia. Kiwandani walitumia nyundo kubwa kubonyeza ukuta wa mbele, ambao ulikuwa umekwisha pakwa rangi, ili ipate nafasi. Plagi moja ya nyuma haikufikika kutoka juu. Fundi alichomoa kizibo cha mpira na kupitisha spana kwenye tundu la ukuta kutoka ndani ya gari. Hata hivyo lilikuwa gari tamu. Lililoliua si plagi. Chrysler walipoimiliki Rootes hawakutaka kuuza gari lenye moyo wa mpinzani wao Ford, na V8 yao wenyewe haikuenea.

Miaka ya sabini iliwanyoosha wote. Sheria za usalama na moshi za Marekani, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia 1973, ziliifikisha Corvette ya 1975 kwenye nguvu farasi 165 kutoka lita 5.7, na mwaka huo ndio wa mwisho kwa ile ya wazi hadi 1986. MGB ilivishwa bampa nene nyeusi za mpira na kuinuliwa juu ya magurudumu ili taa zifikie kimo cha sheria. Gari lililouzwa kwa ajili ya kona likaanza kuyumba kwenye kona. Abingdon ilifungwa Oktoba 1980.

Pengo hilo likazibwa na Hiroshima. Mazda MX-5 ilionyeshwa Chicago Februari 1989, lita 1.6, na waliokuwa wamezoea MG walipanga foleni kwa gari lenye tabia ileile lakini lisilovujisha oili. BMW walipotaka kuingia sokoni na Z3 yao, gari la wazi la Kijerumani, waliitengenezea South Carolina. Na Corvette iliyoanza kuuzwa kama ya 2020 ina injini nyuma ya viti, mpangilio ambao Duntov aliudai kwa miaka mingi akakataliwa hadi akastaafu. Hiyo hutoka kiwandani hata ikiwa na usukani wa kulia.

Ukiniuliza ya kununua leo, sitakwenda kwa Cobra. Ile ya kwanza kabisa iliuzwa mnadani 2016 kwa dola milioni 13.75. Corvette ya zamani nitaitazama na kuisikiliza. Nitachukua MGB ya kabla ya 1974. Ina kabureta mbili ambazo fundi yeyote wa zamani anazielewa, springi za nyuma ni za mapande kama za pikapu, na kuna kampuni Uingereza ambayo tangu 1988 inatengeneza bodi yake mpya kwa mashine zilezile za kiwandani, ikioza ya kwanza unaagiza nyingine.