Samadari, Boriti na Kipimo cha Chumba cha Biharusi

Msimu wa harusi ukikaribia, wateja wangu hapa Itigi huja kupimisha mapazia na shuka, na mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kitanda. Karibu kila mmoja anataka cha sita kwa sita, chenye kichwa kirefu na meza mbili za pembeni. Nikiuliza chumba kina futi ngapi, wengi hawajui. Basi leo tuwatazame bibi zetu wa Pwani, ambao chumba ndicho kilichowapangia samani.

Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari ikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina mwisho wake: ikinyooshwa mbali sana hupinda kwa uzito. Ndiyo maana vyumba vilikuwa na upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, lakini virefu. Majahazi yalizipeleka boriti hizo mpaka Oman na Ghuba, na nyumba za zamani za huko nazo zikawa na vyumba vyembamba.

Ndani ya upana huo, kila kitu kilijua mahali pake. Vyombo vya kaure vilipangwa kwenye vidaka vya ukutani. Nguo zilikaa ndani ya kasha la misumari ya shaba. Samadari nayo ilikwenda juu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, ameeleza vitanda vya mbao zilizonakshiwa kutoka India, virefu kiasi kwamba mtu hupandia kiti au hushikwa mkono. Uvunguni yaya aliweza kulala. Nafasi ya kitanda kimoja ilifanya kazi mbili.

Hata Wazungu walikutana na jambo hili kwenye piano zao. Piano kubwa ya ukumbini hufika urefu wa mita 2.74, ukiiweka kwa kukata chumba cha boriti, mpigaji hana pa kupita. Wakatengeneza ndogo za mita 1.5 hivi, na kwa nyumba za kawaida zikaenea zile za kusimama ukutani.

Huku bara, Wagogo walijenga tembe: ndefu, nyembamba, paa bapa la udongo juu ya miti. Sababu ni ileile, urefu wa mti. Leo tuna mabati na mbao za kupaulia, chumba kinaweza kuwa cha mraba, na tumedhani kipimo hakituhusu tena.

Hebu tupige hesabu. Chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda cha sita kwa sita katikati: zinabaki futi 2 kila upande, na hizo meza zinazimaliza. Miguuni, ukitoa kichwa cha kitanda, zinabaki futi 3 na nusu. Weka kabati la futi 2. Imebaki futi moja na nusu, na milango ya kabati haifunguki vizuri. Msala utautandika wapi? Chukua cha tano kwa sita, kisogeze upande mmoja, utapata futi 5 za kusimama, kurukuu na kusujudu ukielekea kibla, ambacho kwetu ni kaskazini.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi seremala, pima chumba, pima mlango, pima na kona ya ukumbi atakakopita mbebaji. Kisha mwambie mchumba kipimo, usimwambie picha uliyoiona kwenye simu. Wapo wanaoanza ndoa na deni la kitanda kilichokatwa miguu ili kipite mlangoni. Dini yetu imekataza israfu, na mwanamume anayekopa ili kuridhisha macho ya wageni wa siku moja atalipa miezi mingi baada ya wageni kuondoka.

Allah awape ndoa zenye utulivu, na vyumba vyenye nafasi ya sijda.