Swara Mwenye Risiti

Ukiwaambia watu wa rika langu hapa Kitengela kwamba kuna wakati ungeingia mkahawa Nairobi, uitishe nyama ya punda milia, ulipe na upewe risiti, wanadhani unawapima akili. Sisi tumekua tukijua nyama pori ni kesi. Na huo wakati si wa akina babu. Uliisha 2003, wengine wetu tukiwa chekechea.

Wacha nianze na nyama yenyewe, maana bila kuielewa hii historia haishikiki. Swara hana mafuta. Watafiti wa Muguga walipima mizoga ya wanyama pori miaka ya 1960 wakakuta mafuta ni chini ya asilimia 5, ilhali ng'ombe aliyenona humzidi mara kadhaa. Ukimweka swara juu ya makaa kama mbuzi, anakauka hadi unatafuna kamba. Nyama hiyo inataka maarifa. Unaisaga, unaichanganya na mafuta ya ng'ombe au nguruwe, unaijaza kwenye utumbo, inakuwa soseji. Au unaikata vipande virefu, unaipaka chumvi, siki na mbegu za dhania zilizopondwa, unaianika hadi iwe biltong, ujuzi uliofika Uasin Gishu na Makaburu mwaka 1908.

Lakini hatukungoja Mzungu atufundishe kujaza utumbo. Mutura ni nini? Utumbo uliooshwa vizuri, vipande vya nyama, mafuta, damu, kitunguu, dhania na pilipili, vinachemshwa kwanza halafu vinachomwa polepole. Damu inashikanisha, mafuta yanalainisha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kabisa ya kumpika mnyama mkavu kama swara, bora kuliko soseji na bora kuliko biltong. Sijaijaribu, na kwa sheria ilivyo, sitaijaribu.

Sasa, cha kushangaza ni kwamba wenyeji wa Kajiado hawakuwa na haja nayo. Kwa Mmaasai wa zamani, kula mnyama wa porini ilikuwa aibu, alama ya mtu asiye na ng'ombe. Watu hao waliitwa Il-torrobo, na jina halikuwa la sifa. Pofu na nyati ndio walisamehewa wakati wa njaa, kwa kuwa wanafanana na ng'ombe. Kwa hivyo mbuga za Athi na Kapiti zilijaa wanyama kwa sababu majirani zao waliona haya kuwala. Halafu wageni wakakuta mbuga zimejaa wakadhani ni bahati.

Theodore Roosevelt alishuka kwenye gari moshi kituo cha Kapiti Aprili 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani Marekani. Katika safari hiyo yote yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Ngozi na mifupa mingi ilienda makumbusho ya Smithsonian, Washington. Nyama ililisha msafara, wapagazi zaidi ya 200. Hakuna aliyemwita jangili. Alikuwa na leseni, na leseni ndiyo ilitenganisha watu: mwenye bunduki na pesa za leseni alikuwa mwindaji, Mkamba mwenye upinde na mshale alikuwa mhalifu, hata wakimwinda kongoni yule yule.

Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe ikafungwa. Ila mlango mmoja ukabaki wazi kidogo. Kwenye mbuga za Athi, ng'ambo ya hapa kwetu, David Hopcraft alikuwa na shamba la ekari kama 20,000. Utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell ulilinganisha swara na ng'ombe kwenye nyasi zile zile, na swara wakatoa nyama nyingi zaidi kwa ekari bila kuharibu ardhi. Akaweka ua, akapewa ruhusa ya kuvuna. Kazi ilifanywa usiku kwa taa kali na risasi moja ya kichwa, ndipo mzoga upelekwe machinjioni palepale shambani na kukaguliwa. Mteja mkubwa alikuwa Carnivore, mkahawa wa Langata uliofunguliwa 1980. Watalii walikuja kutoka kila pembe kula nyama ambayo mchungaji wa Isinya hangethubutu kuishika.

Miaka ya 1990 KWS ikapanua mpango: wanyama wanahesabiwa, mwenye shamba anapewa mgao wake wa kuvuna. Kwenye karatasi ilikuwa poa sana. Shida ni kwamba nyama ikishachunwa ngozi haina kitambulisho. Ufuatiliaji ulikuwa hafifu, na nyama halali ikawa pazia la nyama ya wizi. Mwaka 2003 mpango wote ukasimamishwa, na Carnivore ikabaki na mamba na mbuni wa kufugwa.

Je, watu waliacha kula? Mwaka 2004 shirika la Youth for Conservation lilipima nyama kutoka mabucha ya Nairobi, na karibu robo ya sampuli ikawa nyama pori. Wanunuzi walikuwa wameuziwa kama ng'ombe. Hapo ndipo kusaga kunageuka kutoka ufundi wa mpishi kuwa ufundi wa mwizi. Kipande kizima kina rangi na nyuzi zake, mjuzi atakitambua. Kima ndani ya sambusa, nani atakiuliza maswali? Sheria ya 2013 ikaweka faini isiyopungua shilingi 200,000 kwa biashara ya nyama pori.

Mzee mmoja, jirani ya shangazi yangu kule Isinya, aliniambia hivi: "Kijana wangu, nyumbu anakula nyasi yangu, anakunywa maji yangu, na akizaa anawaachia ng'ombe wangu ugonjwa. Lakini akifa, si wangu." Nilimjibu tu, "Ni kweli, mzee." Huo ugonjwa upo, nyumbu wenyewe hawaumwi nao, na ndiyo maana Wamaasai huhamisha ng'ombe nyumbu wanapozaa.

Ndiyo, mimi nimesoma hoja za pande zote (nikiwa nimeacha chuo nina muda) na sidhani marufuku ndiyo iliwaokoa nyumbu wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 25,000 kwenye mbuga hizi. Leo ni elfu chache tu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa 1988, ikaja EPZ, zikaja ploti za futi 50 kwa 100, na nyaya. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua. Shilingi mia tatu! Linganisha na anachotoa mtu wa ploti. Lakini wanaosema turudishe tu uvunaji nao wanipe jibu la kile kima.

Ukifuata barabara hii hadi Namanga na kuvuka, mambo ni mengine. Tanzania ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori mwaka 2020, na ukiwa na leseni unaweza kuuza nyama hiyo dukani, mchana kweupe. Huku kwetu Kajiado kilicho halali ni mbuni wa kufugwa. Nyama yake ni nyekundu, haina mafuta, na ukiisaga peke yake soseji inavunjika. Ongeza mafuta ya ng'ombe, tia dhania, na ukimpata fundi wa mutura asiyeogopa mambo mapya, mwambie asiichemshe sana.