Uvimbe wa Taya na Mstari Uliopita Kakamega

Jino la mtoto wa miaka mitano linalegea. Mama anadhani ni la utoto, linapisha la ukubwani. Siku chache baadaye shavu limefura na meno ya jirani nayo yanacheza kwenye ufizi. Uvimbe huu ni saratani, nao waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si muda akamwona mwingine Jinja, huyu na tumbo pia. Mwaka 1961, yeye na wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford, wakasafiri kilomita 16,000 kwa wiki kumi, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: mmeuona? Waligundua kwamba huku kwetu Afrika Mashariki ugonjwa ulikuwa nadra juu ya futi 5,000, yaani mita 1,524. Mji wa Kakamega uko kama mita 1,535. Mstari huo wa Burkitt ulipita mlangoni petu, na sababu yake ni malaria: palipo na mbu wengi wa malaria ndipo saratani hii huonekana zaidi. Malaria haikuwa peke yake: mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda.

Upasuaji ulishindwa. Zikaja dawa, saiklofosfamaidi na methotrekseti, zilizojaribiwa Kampala na Nairobi, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu. Kituo cha matibabu kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya John Ziegler kiligawa ugonjwa katika hatua nne: A, uvimbe mmoja nje ya tumbo, B, zaidi ya mmoja nje ya tumbo, C, ndani ya tumbo, D, tumboni na kwingine. Siku hizi wengi huhesabu I hadi IV, na ugonjwa ukifika kwenye uboho au ubongo ni hatua ya IV. Ndiyo maana mtoto hutobolewa mfupa na kutolewa maji ya uti wa mgongo kabla ya dawa. Inamuuma, lakini bila hivyo daktari anatibu gizani.

Mzazi, jino likilegea pasipo sababu, au tumbo likifura, usisubiri. Mpeleke mtoto hospitali ya kaunti leo, na ukitumwa Eldoret au Kisumu, nenda.