Vinia za Meno na Matamshi ya Kiswahili: Hoja ya Kupima Sauti Kabla ya Kubandika

Ikisiri

Vinia za meno hujadiliwa zaidi kwa mwonekano wake, na kidogo kwa athari zake katika usemi. Makala haya yanaeleza jinsi unene, urefu na umbo la vinia vinavyoweza kubadili utamkaji wa vikwamizi vinavyotegemea meno ya mbele. Hoja yanayoitetea ni kwamba mgonjwa anayezungumza Kiswahili apimwe matamshi kwa Kiswahili, kwa kulinganishwa na sauti yake mwenyewe, kabla vinia hazijabandikwa moja kwa moja. Orodha fupi ya maneno ya kupimia inapendekezwa.

1. Utangulizi

Vinia ni gamba jembamba la kauri au resini linalobandikwa kwenye uso wa mbele wa jino ili kuficha rangi, ufa, mwanya au umbo lisilomridhisha mwenye jino. Asili yake ni sinema. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood magamba ya kuvaa mbele ya kamera na kuyavua upigaji picha ukiisha, kwani hakukuwa na gundi ya kuyashika. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ikipakwa kwenye enameli huiacha na vitundu vidogo mno ambamo resini hupenya na kung'ang'ania. Katika miaka ya 1980 mbinu kama hiyo ilianza kutumika kwenye kauri yenyewe. Tangu hapo kilichokuwa vazi la saa chache kikawa sehemu ya kinywa.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuzihitaji vinia. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro, pamoja na sehemu nyingi za Bonde la Ufa nchini Tanzania na Kenya, ina maji yenye floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini mkoani Arusha vipo visima na chemchemi vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayekua akinywa maji hayo, na kula chakula kilichopikwa kwa magadi yenye floridi, huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, na pengine enameli inayomeguka. Mtu wa namna hiyo, aliyezoea kuziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, hatafuti anasa anapoomba vinia. Anatafuta kuzungumza na watu bila haya. Basi itakuwa hasara kubwa akirudishiwa tabasamu huku usemi wake ukivurugika.

2. Meno kama ala za kutamkia

Katika vitabu vya fonetiki meno hutajwa miongoni mwa ala tuli: hayasogei, ila midomo na ulimi huyafuata. Utulivu huo ndio unaoyafanya kuwa muhimu. Msemaji hujenga mazoea ya misuli tangu utotoni kwa kuamini kwamba ncha ya jino iko pale pale ilipokuwa jana.

Sauti za Kiswahili zinazoyategemea zaidi ni vikwamizi, yaani konsonanti zinazotamkwa kwa mkwaruzo wa hewa. Katika /f/ na /v/, ncha za meno ya mbele ya juu hugusa mdomo wa chini karibu na mpaka wa sehemu kavu na sehemu yenye unyevu, na hewa hupenya kwa mkwaruzo. Katika /th/ na /dh/, ncha ya ulimi husogea hadi kwenye ncha za meno hayohayo. Katika /s/ na /z/, ulimi hufanya mfereji mwembamba kwenye ufizi, na mkondo wa hewa unaotoka humo huyapiga meno. Utafiti wa akustika, hasa kazi ya Christine Shadle ya mwaka 1985, ulidhihirisha kwamba sehemu kubwa ya ukali wa sauti kama /s/ huzaliwa hewa inapogonga kizuizi hicho cha meno. Maana yake ni kwamba jino ni chanzo cha sauti, hata pale ambapo ulimi haujaligusa.

Kuna pia tofauti za lahaja. Lahaja za kaskazini, Kimvita na Kiamu zikiwamo, hutofautisha /t/ ya meno na /t/ ya ufizi, tofauti ambayo Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, hakina. Kwa mzaliwa wa Mombasa au Lamu, nyuma ya meno ya juu ni mahali penye kazi ya kifonolojia ambayo mwenzake wa Unguja haitegemei.

Jamii ya pwani imeijua kazi hii ya meno kwa njia nyingine kwa karne nyingi. Elimu ya tajwidi, inayofundishwa katika madrasa, huainisha kila herufi kwa makhraji yake, yaani mahali inapotokea kinywani, na huyataja meno kwa majina. Fa hutoka kati ya sehemu ya ndani ya mdomo wa chini na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Tha na dhali hutoka kati ya ncha ya ulimi na ncha za meno hayo. Maelezo ya namna hii yamo tayari katika kazi ya mwanasarufi wa Kiarabu Sibawayhi wa karne ya 8. Mwalimu wa Kurani anayebadilishiwa meno ya mbele anabadilishiwa ala ambayo elimu yake imeitambua kwa usahihi mkubwa.

3. Vinia inavyoingilia usemi

Vinia ya kauri huwa na unene wa milimita 0.3 hadi 0.7 hivi. Kwa kawaida daktari husaga takribani nusu milimita ya enameli ili kuipatia nafasi. Kilichoondolewa hulipwa na kilichowekwa, na uso wa jino hubaki pale ulipokuwa. Jino lisiposagwa, au likisagwa kidogo kuliko unene wa vinia, hutokeza mbele. Mdomo wa chini unaokwenda kuunda /f/ hulikuta jino mapema kuliko ulivyozoea.

Urefu una athari kubwa zaidi. Wagonjwa wengi huomba meno marefu kidogo, kwa kuwa meno yaliyolika humfanya mtu aonekane mzee. Wataalamu wa meno ya bandia wamefundisha kwa muda mrefu kwamba meno ya juu yakiwa marefu kupita kiasi, /f/ huelekea kusikika kama /v/, na yakiwa mafupi mno, /v/ huelekea /f/. Katika Kiswahili mpaka huo umebeba maana: fua na vua, faa na vaa, fuma na vuma ni maneno tofauti kabisa. Upande wa /s/ nafasi ni finyu zaidi. Mtu anapoitamka, taya la chini hupanda hadi meno ya chini yabakize takribani milimita moja tu kufikia yale ya juu. Kwa msemaji ambaye meno yake hukaribiana hivyo, kurefusha jino kwa milimita hiyo moja kunatosha kuyagonganisha, au kumlazimu asogeze taya kila anapofikia sauti hiyo. Matokeo yanaweza kuwa mlio wa mluzi, au kithembe ambacho hakuwa nacho.

Mwanya unahitaji kutajwa peke yake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ni alama ya uzuri, ingawa wapo wanaotaka uzibwe. Mwenye mwanya ameishi akielekeza hewa huku pengo likiwapo, na ulimi wake umejipanga kulingana nalo. Likizibwa, upepo wa /s/ hukuta ukuta mahali palipokuwa na upenyo.

Lakini athari hizi zisikuzwe kupita ukweli wake. Vinia hukaa mbele ya jino, ilhali ulimi hufanya kazi zaidi kwa nyuma. Sauti za /th/, /dh/ na /t/ ya meno hazitaguswa sana iwapo vinia itakomea kwenye ncha. Hatari huanza pale inapokunjwa kupita ncha hadi upande wa ndani na kuuongezea unene, au jino linapobadilika urefu. Hivyo mabadiliko ya usemi yana sababu zinazopimika, na kinachopimika kinaweza kuzuiwa.

4. Kinywa hujifunza, ila kwa kiasi

Watu wengi huzoea vinia zao katika siku au wiki chache. Uwezo huo umechunguzwa. Mwaka 2003 Jeffery Jones na Kevin Munhall walichapisha utafiti ambamo washiriki walivalishwa kifaa kilichorefusha meno yao ya mbele ya juu, kisha wakatakiwa kutamka /s/ mara nyingi. Wakati mwingine waliisikia sauti yao, wakati mwingine masikio yao yalizibwa kwa kelele. Sauti iliyoharibika ilizidi kukaribia ya kawaida kadiri walivyofanya mazoezi, na wasikilizaji waliona matamshi kuwa bora zaidi pale msemaji alipojisikia.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni la matumaini: kusoma kwa sauti, katika chumba tulivu, ni mazoezi yenye msingi wa kisayansi, na kila mgonjwa angepaswa kuelekezwa hivyo. La pili ni tahadhari: fidia iliyoonekana ilikuwa ya sehemu tu. Msemaji huweza kuifikia sauti inayokubalika kwa njia mpya inayomchosha, na uchovu huo hauonekani katika dakika 10 za kliniki. Mwalimu anayefundisha siku nzima, mtangazaji wa redio, wakili, shehe na mhubiri ndio watakaouhisi.

5. Kupima kwa lugha ya mgonjwa

Kupima meno kwa matamshi si jambo geni katika udaktari wa meno. Earl Pound wa Marekani alijenga mbinu nzima ya kupanga meno ya bandia kwa kuifuata /s/. Madaktari wanaosoma kwa Kiingereza hufunzwa kumwomba mgonjwa ahesabu katika hamsini na sitini, kwa kuwa nambari hizo za Kiingereza zimejaa /f/, /v/ na /s/. Udaktari wa meno hufundishwa kwa Kiingereza Tanzania na Kenya pia, na kipimo huenda kikachukuliwa pamoja na lugha yake.

Hapo ndipo penye kasoro. Mgonjwa akiambiwa ahesabu kwa Kiswahili kutoka moja hadi mia, hatatamka /f/ wala /v/ hata mara moja. Itambidi afike elfu ili aipate /f/ peke yake. Hatatamka /z/ wala /dh/ pia. Kati ya vikwamizi vinavyohusika atapimwa /s/ na /th/ tu, pamoja na /sh/ ya ishirini. Kipimo kinachofaa katika Kiingereza huacha nusu ya kinywa cha Mswahili bila kuguswa, huku daktari akiamini amekikagua chote.

Ninapendekeza kipimo cha sehemu tatu. Kwanza, jozi za maneno zinazotenganishwa na sauti moja: faa na vaa, fua na vua, saa na zaa, thamani na samani, dhana na zana. Pili, sentensi zinazorudia sauti husika, kwa mfano: Wavuvi wavivu hawafiki ufukoni, Sisi sote tulisafisha sufuria siku ya Jumamosi, Dhahabu yenye thamani haidharauliki. Tatu, mazungumzo ya kawaida ya dakika mbili, kwa kuwa mtu anayesoma orodha hujichunga kuliko anayesimulia.

Kipimo hicho kirekodiwe kwa simu mara tatu: kabla jino halijaguswa, wakati mgonjwa amevaa vinia za muda, na baada ya zile za kudumu. Vinia za muda, zinazofinyangwa kwa umbo lililopangwa, ndizo fursa yenyewe, kwani bado zinaweza kupunguzwa ncha au kubadilishwa umbo. Mgonjwa azivae siku kadhaa akizungumza nyumbani na kazini. Siku ya ganzi isihesabiwe, kwa sababu mdomo uliokufa ganzi hutamka vibaya hata bila vinia.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba tatizo ni dogo na hupita lenyewe. Kwa wengi ni kweli. Lakini enameli iliyosagwa haioti tena. Kwa wale wachache ambao usemi wao hautarejea, njia ya kurudi imefungwa. Katika tiba isiyofutika, busara ni kupima mapema, hasa pale kipimo kinapogharimu dakika chache na simu ambayo daktari tayari anayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tupime kwa matamshi ya nani? Wapo wazungumzaji wengi, hasa wa bara, wanaotamka /th/ kama /s/ na /dh/ kama /z/ kwa athari ya lugha zao za kwanza. Kuwahukumu kwa kipimo cha usanifu ni kugeuza kliniki kuwa mtihani wa lugha. Ndiyo maana rekodi ya kwanza ni ya lazima. Swali la daktari liwe kama mgonjwa anatamka leo alivyotamka kabla ya tiba, kwa lahaja yake. Kwa mtu asiyetenganisha thamani na samani, jozi hiyo iondolewe. Kwa mzungumzaji wa Kimvita, ziongezwe jozi za /t/ mbili.

7. Hitimisho

Vinia ikipangwa vizuri humpa mtu uso anaoutaka bila kumnyima sauti aliyonayo. Mpango huo unahitaji elimu mbili zilizokaa mbalimbali kwa muda mrefu, ya kinywa na ya lugha. Skuli za udaktari wa meno, kama ile ya Muhimbili, na taasisi za Kiswahili, kama TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zingeweza kuiboresha orodha iliyopendekezwa hapa, kuijaribu kwa wazungumzaji wa lahaja mbalimbali na kuiingiza katika mafunzo ya kliniki. Kabla ya hapo, kila daktari anaweza kuanza na hatua iliyo mikononi mwake: kumrekodi mgonjwa akizungumza lugha yake, na kutosaga jino lolote kabla ya kufanya hivyo.